Ngoma za Wagogo katika Mji wa Dodoma

Mji wa Dodoma umekua upesi kuliko mioyo ya wakaao ndani yake. Mwaka 1973 iliamriwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, na mwaka 1976 mafundi wa Toronto, katika nchi ya Kanada, wakaleta ramani ya mji mpya. Lakini Serikali yenyewe ilikawia sana, hata mwaka 2016 ndipo ilipofunga mizigo kwa kweli. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha watu 410,956, na ile ya mwaka 2022 watu 765,179. Hawa wote wametafutiwa viwanja na barabara. Jambo moja halikuandikwa katika ramani, nalo ni hili: mtu aliyekuja jana atajuaje kwamba hapa ni kwake, na Mgogo aliyezaliwa hapa atajuaje kwamba pangali kwake?

Nathubutu kunena kwamba mafundi wa ngoma na nyimbo waweza kuifanya kazi hiyo kuliko watu wengine wote, na kwamba twawatumia vibaya.

Tazameni jinsi zinavyotumiwa ngoma katika sherehe zetu. Akina mama wa muheme huitwa alfajiri, hukaa juani wakimngoja mgeni mkubwa, kisha hupewa dakika chache za kupiga, na mara mshereheshaji huwakatiza kwa kipaza sauti. Ndivyo mhamiaji anavyoujua muheme, kama salamu ya kupitia. Lakini muheme haukuwa salamu. Ulikuwa ngoma ya akina mama katika unyago wa wasichana. Mwanamke huibana ngoma kati ya mapaja, wengine hujibizana naye, na mafundisho ya nyumba na ya utu uzima yamo ndani ya nyimbo. Bwana Kedmon Mapana, aliyefundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 2007 jinsi ngoma hii ilivyobadilika ilipotoka katika unyago ikaingia mahali pengine. Siwalaumu walioitoa, kitu kisichobadilika hufa. Nalaumu haraka yetu. Ngoma inayokatwa kabla haijapata moto haimfundishi mtu lolote, wala mgeni, wala mtoto wa Kigogo aliyesimama pembeni akiona haya.

Na haya hiyo ina asili yake. Kwa miaka mingi, katika miji ya pwani, jina la Mgogo limekuwa mzaha, likitajwa pamoja na njaa na ombaomba wa barabarani. Wanaocheka hawajui, au hawataki kujua, habari za Hukwe Zawose. Huyu alikuwa mchunga ng'ombe wa kijiji cha Doma katika nchi hii ya Ugogo, fundi wa zeze na ilimba, mwenye sauti iliyopanda juu sana kisha ikashuka kifuani kama ya mtu mwingine. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye akakaa Bagamoyo, akawa miongoni mwa waalimu wa Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Mwaka 1996 sahani yake iitwayo Chibite ilitolewa huko Uingereza. Akafa mwaka 2003.

Mimi humsifu Mwalimu kwa kumwita mtu yule, maana mshahara, nyumba na wanafunzi ndivyo vilivyomwezesha kuwa mwalimu wa wengine. Ila yatupasa kuona pia gharama yake. Uzao wa Zawose umestawi Bagamoyo. Pendo Zawose, bintiye, na Leah, mjukuu wake, walitoa mwaka 2024 sahani yao, Maisha, chini ya jina la Zawose Queens. Zamani wanawake wa jamaa ile waliitikia nyuma na kupiga ngoma. Sasa wao ndio wanaotangulia kuimba. Nimeisikiliza mara nyingi, na penye sauti zile nyingi zinazopandana bila kugombana namtambua Mgogo kabisa. Lakini mti huu umeota mbali na shamba lake. Mtoto wa Dodoma atakaye kujifunza ilimba kwa fundi anayelipwa, aende wapi hapa mjini?

Chamwino wamejibu kwa kadiri ya nguvu zao. Tangu mwaka 2009 limefanyika huko tamasha la muziki wa Wagogo, lililoanzishwa kwa juhudi za huyo Bwana Mapana na wenzake. Vikundi vya vijiji hukutana, kila kimoja na mtindo wake, na wasikilizaji wakubwa ni wanavijiji wenyewe, ambao hawadanganyiki: mpigaji akikosea, vikongwe huguna. Hapo fundi husifiwa na wajuao. Nalo ni jambo la kufikiriwa, kwamba Chamwino ndipo ilipo Ikulu, na kijiji hicho kimetangulia mji katika jambo hili.

Najua wengine watasema huu ni ukabila, kwa sababu makao makuu ni ya watu wote. Maneno hayo yana uzito, na kama ningetaka Msukuma au Mchaga azuiwe kucheza ngoma yake hapa, ningestahili kukemewa. Lakini angalieni darasa lolote la mjini: watoto wa makabila kumi wameketi pamoja, nao hawana wimbo hata mmoja wa mahali walipo. Mtoto wa Kinyakyusa akifundishwa kupiga muheme na mama wa Kigogo aliyeajiriwa na shule, amepata shangazi wa mji huu. Naye yule mama amepata cheo ambacho sherehe elfu za uwanjani hazikumpa. Ukabila uko wapi?

Kwa hiyo nasema mji uwaajiri mafundi hawa katika shule zake, uwalipe kama unavyowalipa mafundi wa rangi na wa taa, na siku za sherehe uwaache wamalize. Tena watengewe uwanja wao wenyewe, wazi, wenye udongo. Wachora ramani wakiulizwa watataka kuutia vigae na paa la bati, wakatazwe. Kabla ya kupigwa, ngozi ya ngoma huoteshwa moto hata ikaze, na mafundi wamesimama wakiigonga kwa vidole na kusikiliza. Moto huo wataka mahali pa kuwashwa.