Nyati Yuleyule Kila Usiku: Tuusome Upya Utafiti wa Ndoto za Wahadzabe

Wasomaji wetu, leo naanza na ndoto yangu mwenyewe, ila naomba msinitafsirie kwanza. Niko kwenye njia ya shule, Rhotia, madaftari kwenye mfuko wa salfeti. Mahindi yamenizidi urefu pande zote mbili. Nyati anatokea upande wa msitu. Nageuka nikimbie, miguu inakuwa mizito kama nimekanyaga tope la masika, halafu naamka. Mwisho hauji. Nimeiota tangu darasa la nne, na mwaka huu natimiza miaka 28.

Anayeijua Karatu hatauliza kwa nini nyati na si simba. Mashamba ya kwetu yanapakana na msitu wa Ngorongoro, na wanyama hawajui mpaka uko wapi. Nilipokuwa mdogo jirani yetu alipigwa na nyati asubuhi akienda kuchota maji. Alibebwa kwenye machela ya miti, nikaona. Kwa hiyo swali la nyati ametoka wapi sina. Swali langu ni kwa nini bado anarudi, wakati mimi nimeshahama, nalala ghorofa ya tatu mjini, na mnyama mkubwa ninayekutana naye ni paka wa mwenye nyumba.

Nikitafuta jibu nikaangukia kwenye utafiti ambao pengine umeusikia, kwa sababu ulitembea sana kwenye magazeti ya nje. Ulichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Scientific Reports. Viongozi wake ni David Samson wa Chuo Kikuu cha Toronto na Lampros Perogamvros wa Geneva, na kati ya waandishi wenzao yupo Profesa Audax Mabulla, mwanaakiolojia wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walikusanya ndoto 896 za watu 234. Wengine ni Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, yaani wilayani kwetu Karatu, ukishuka Mang'ola. Wengine ni Wabayaka wa misitu ya Kongo. Waliobaki ni watu wa Ulaya na Kanada: wenye afya ya kawaida, wenye tatizo la ndoto za kutisha, na wenye hofu kali ya kukaa mbele za watu.

Matokeo yao kwa ufupi: ndoto za Wahadzabe na Wabayaka zina hatari nyingi, lakini haziishii kwenye hatari. Katika simulizi walizozitaja watafiti, mtu anazingirwa na nyati porini, mwanajamii mwenzake anamwokoa. Mwingine anatumbukia kisimani, rafiki anamtoa. Hofu inaingia, mtu anakuja, hofu inashuka. Ndoto za wale wenye tatizo la ndoto za kutisha hazishuki hivyo. Kutoka hapo watafiti wanasema kazi mojawapo ya ndoto ni kutuliza hisia: ubongo unaileta hofu upya katika mazingira salama, unaimaliza, asubuhi unaamka mwepesi.

Niseme wazi kwamba utafiti huu naupenda. Kwa miaka mingi sayansi ya ndoto imekuwa sayansi ya ndoto za wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani, wale ambao profesa anawapata kirahisi darasani. Kushuka mpaka Eyasi kumuuliza mtu ameota nini ni hatua kubwa. Lakini nimeusoma mara tatu nikiwa na nyati wangu kichwani, na kila mara nilikwama mahali palepale.

Chukua zile namba. Ndoto 896 gawanya kwa watu 234: hazifiki ndoto 4 kwa mtu. Kwa sampuli ya namna hiyo unaweza kulinganisha jamii na jamii, sawa. Huwezi kuona ndoto inayorudi. Mtu akikusimulia ndoto tatu, zote zikaisha vizuri, hujajua kama kuna ya nne inayomtembelea kila mwezi tangu utotoni. Na hiyo ya nne ndiyo mtihani wa nadharia yenyewe. Kama ndoto ni gereji ya hofu, basi ndoto inayojirudia ni gari linalorudi gereji kila wiki na ubovu uleule. Fundi anafanya nini huko ndani?

Wala si watu wachache. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya watu wazima 100, 60 hadi 75 wamewahi kuwa na ndoto inayojirudia katika maisha yao. Mwaka 2006 Antonio Zadra na wenzake kule Montréal walichambua ndoto 212 za aina hiyo. Walikuwa wanaipima nadharia ya Antti Revonsuo, Mfini, aliyesema mwaka 2000 kwamba ndoto ni uwanja wa mazoezi: babu zetu walifukuzwa na wanyama usiku ili mchana wajue kukimbia. Theluthi mbili ya ndoto zile zilikuwa na hatari ndani yake, hapo Revonsuo akapata pointi. Ila zilizoonyesha jambo la kufa na kupona linaloweza kutokea kweli hazikufika 15 kwa kila 100. Miaka miwili baadaye watafiti wakalinganisha wanafunzi wa Afrika Kusini, wanaoishi karibu na uhalifu, na wa Wales walio salama zaidi. Wa Wales ndio waliosimulia ndoto nyingi za hatari. Hatari ya mchana na hatari ya usiku haziendi sambamba kirahisi hivyo.

Turudi Eyasi. Kuna jambo ambalo Samson mwenyewe anatusaidia kuliona, kwa sababu alilipima kabla. Mwaka 2017 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Wahadzabe 33 kwa siku 20 kwa kifaa cha mkononi kinachorekodi usingizi. Katika siku zote hizo, muda ambao watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Dakika 18! Saa yoyote ya usiku alikuwepo mtu macho: mzee, mama mwenye mtoto, kijana anayechochea moto. Kazi nyingine ya mwaka huohuo ilionyesha kwamba wanalala wastani wa saa 6 na robo, na usingizi wenyewe unakatika sana.

Sasa unganisha. Ndoto tunayoikumbuka ni ile tuliyoamka nayo au karibu nayo. Anayeamka mara nyingi anashika vipande tofauti na anayelala moja kwa moja mpaka kengele ya simu. Je, tunalinganisha ndoto za Wahadzabe na za Wazungu, au tunalinganisha kuamka kwao? Halafu, mtu akishtuka saa tisa usiku kambini, sauti ya kwanza anayoisikia ni ya mwenzake kando ya moto. Mimi ghorofa ya tatu nasikia jokofu. Inawezekana kabisa yule anayekuja kuokoa kwenye ndoto alikuwa tayari yuko macho, hatua tano kutoka pale.

Jambo jingine ni lugha. Ndoto hizo ziliishia kuwa maandishi ya Kiingereza, na sehemu ya uchambuzi ilifanywa na programu ya kompyuta inayohesabu maneno: mangapi ya wasiwasi, mangapi ya kifo, mangapi ya ujamaa. Niliwahi kufanya kazi ya kutafsiri mahojiano ya mradi mmoja huko Mang'ola, mambo ya maji na mifugo, hakuna ndoto, na nilitoka jasho. Mzee akisema "ndugu yangu alinikuta", kwa Kiingereza inabidi nichague: kaka, binamu, rafiki, au mtu wa kijiji? Nikichagua hivi, hesabu ya familia inapanda. Nikichagua vile, ya urafiki inapanda. Na "niliogopa"? Sisi tunaogopa nyati, tunaogopa mvua itachelewa, na mkwe tunamwogopa pia kwa maana ya heshima. Programu haijui mkwe ni nani.

Juu ya hayo, kuonyesha kwamba ndoto ina mwisho mzuri si sawa na kuonyesha kwamba mwotaji aliamka na nafuu. Hiyo ya pili inataka umpime mtu jioni na umpime asubuhi, tena na tena. Kichwa cha makala yao kinatumia neno "ushahidi". Mimi ningeandika "dalili" nikalala vizuri.

Magazeti ndiyo yalizidisha. Wahadzabe wakageuzwa dirisha la kuchungulia watu wa kale. Jamani, hawa ni watu wa leo. Wako elfu moja na kitu, wanawinda karibu na mashamba ya vitunguu, ng'ombe wa majirani wanakunywa kwenye chemchemi zao, na kabla jua halijachomoza magari ya watalii kutoka Karatu yameshafika kambini. Nyati ni hatari yenye mwanzo na mwisho: anakuja, mnasaidiana, anaondoka au anauawa. Eneo la kuwinda linalopungua mwaka hadi mwaka halina dakika ya kuokolewa. Upande wa pili wa ukuta wa kreta ni hivyohivyo: tangu Juni 2022 kaya za Wamasai zimekuwa zikihama Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Anayehama na anayebaki wote wana jambo la kulala nalo. Kama Samson na Perogamvros wako sahihi, nadharia yao inatabiri kwamba ni hatari za namna hii, zisizo na mtu wa kuja, ndizo zitazaa ndoto zinazojirudia. Huo ndio utafiti ningependa waufanye sasa.

Mtaniuliza, haya yote yana faida gani? Nina mama mdogo. Mume wake alifariki, na kwa miezi mingi alimwota yuleyule, amesimama ng'ambo ya korongo, anaita, na yeye hawezi kuvuka. Akaenda kwa mtu mjini mwenye kijitabu cha tafsiri, vile ambavyo nyoka ni adui, jino kung'oka ni msiba. Akaambiwa korongo ni kizuizi kilichowekwa na mtu wa ukoo. Hakutajiwa jina, lakini aliondoka na jina kichwani: wifi yake. Miaka miwili hawakusalimiana, wakati mashamba yao yanatenganishwa na mstari wa mkonge tu na watoto wanasoma darasa moja. Vijitabu hivi nisingevijadili hata kidogo, sayansi yake haipo, ila madhara yake yapo.

Hakuna aliyemuuliza mama mdogo swali dogo: siku ile ilikuwaje? Siku ile aliombwa atoke wodini akalete uji. Aliporudi, mumewe ameshafunikwa. Hakumuaga. Najua hapa na mimi natafsiri, lakini tafsiri yangu haihitaji wifi.

Na kuna dawa inayofanana na swali hilo. Barry Krakow na wenzake, Marekani, walichapisha mwaka 2001 jaribio la wanawake 168 waliobakwa au kushambuliwa kingono na kubaki na ndoto za kutisha zisizokoma. Tiba ni rahisi mpaka inatia mashaka: mchana, ukiwa macho, unachagua ndoto, unaibadilisha upendavyo, halafu unaipitia hiyo mpya akilini dakika chache kila siku. Ndoto za kutisha zilipungua kwa kiasi kikubwa kuliko kwa wale waliokuwa bado wanasubiri zamu. Hakuna aliyewaambia ndoto inamaanisha nini.

Nilipoisoma nilimkumbuka bibi. Nilipomsimulia nyati mara ya kwanza, hakuniuliza kama nimemkosea mtu. Aliuliza, "Na nani alikuja?" Nikasema hakuna. Akasema, "Leo kabla hujalala, mwite babu yako aje na fimbo." Niliona ni maneno ya kumbembeleza mtoto, sikuita mtu.

Mwaka jana nilijaribu, wiki tatu, dakika kumi kila jioni kitandani: njia, mahindi, nyati, na babu anatokea upande wa mto. Nyati ameshakuja mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza hakukuwa na mabadiliko. Mara ya pili mahindi yalicheza upande wa mto, nikaamka kabla sijaona ni nani. Sampuli ya mtu mmoja, najua. Msimamizi wangu angeikata kwa wino mwekundu. Mama mdogo nimemweleza tiba hiyo kwenye simu. Alicheka, akasema ataliwekea lile korongo daraja la magogo, kisha akaniuliza kama wifi yake naye anaweza kuambiwa jambo hili, kwa sababu amesikia na yeye halali.