Theluthi mbili ziende chuoni? Tuisome vizuri hesabu ya Norway

Ukivumbua kitu kwenye maabara ya chuo, ni cha nani? Norway, mpaka mwisho wa 2002, jibu lilikuwa rahisi: cha mtafiti mwenyewe, chote. Januari 2003 sheria ikabadilika. Chuo kikachukua theluthi mbili, mtafiti akabaki na moja. Serikali ilitaka uvumbuzi mwingi zaidi utoke maabara uende sokoni.

Hans Hvide na Benjamin Jones walifuatilia kilichotokea, na makala yao ikatoka 2018 katika American Economic Review. Kampuni zinazoanzishwa na watafiti wa vyuo zilipungua kwa karibu nusu. Hataza nazo hivyo hivyo. Yaani sera iliyotungwa ili kuongeza, ndiyo ikapunguza!

Nguvu ya utafiti huu ni ulinganisho. Kutazama kabla na baada tu kusingetosha, maana biashara hushuka kwa sababu nyingi. Wao waliwaweka watafiti wa vyuo kando ya watu ambao sheria haikuwagusa, wakiwemo wenye PhD walio nje ya vyuo. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu uko kwa wanaousoma haraka na kusema, "Basi profesa apewe vyote." Kwanza, kinachobadilika ni nani ananyang'anywa. Marekani, sheria ya Bayh-Dole ya 1980 iliviruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliogharimiwa na serikali kuu, haki ambayo awali mara nyingi ilibaki serikalini. Norway ilimpokonya mtafiti. Karatasi zinafanana, matokeo hayalazimiki kufanana.

Pili, maabara si profesa peke yake. Kuna mafundi, kuna wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaokesha na vipimo. Idadi ya hataza haituambii ile theluthi moja inagawanywaje ndani ya kikundi, na anayesubiri mgawo asioujua hana haraka ya kusema wazo lake.

Vyuo vya Afrika Mashariki navyo vinaandika sera za miliki bunifu. Kabla ya kunakili asilimia za wenzetu, tuulize: haki hii ilikuwa ya nani jana? Chuo kinaleta nini, mwanasheria, ada ya hataza, mnunuzi? Na mwanafunzi ameandikwa wapi? Kama chuo kinachukua sehemu kubwa bila kuleta chochote, watafiti watafanya kama wa Norway: watatulia.