Swichi Iliyofichwa Kwenye Damu ya Mbu

Mei 2019 jarida la Science lilipochapisha matokeo ya Soumousso, kijiji cha Burkina Faso, sifa zote zilikwenda kwa sumu ya buibui. Fangasi aliyepachikwa jeni ya buibui wa Australia alikuwa amewaangamiza mbu waliozoea dawa. Lakini anayetaka kujua kazi hiyo ilifanyikaje aanze kwingine: kwenye kipande cha DNA kisichotengeneza sumu yoyote, ambacho kazi yake ni kuamua sumu itengenezwe wapi na lini.

Kumtumia fangasi dhidi ya mbu wa malaria si jambo jipya Afrika Mashariki. Mwaka 2005 watafiti walieleza jinsi walivyotundika vitambaa vyeusi vya pamba, vilivyopakwa spora za Metarhizium wa kawaida, ndani ya nyumba za kijijini Tanzania. Mbu waliotua hapo waliambukizwa na kufa. Tatizo ni kwamba fangasi wa kawaida huua polepole, na huhitaji spora nyingi.

Dawa ya upungufu huo ilionekana kuwa kumwongezea sumu. Hapo ndipo suala la promota linapoingia, yaani ile sehemu ya DNA inayotangulia jeni na kuamuru isomwe au isisomwe. Wahandisi wa fangasi wanazo nyingi. Promota ya gpdA, iliyotoka kwa Aspergillus nidulans, husukuma jeni karibu muda wote. Ile ya alcA, ya fangasi huyohuyo, huamka penye pombe na hulala penye glukosi. Mfumo wa Tet-on hungoja doksisaiklini. Ndani ya tangi la kiwandani, ambamo fundi humimina anachotaka, zote zinafaa. Kwenye ukuta wa nyumba ya udongo hakuna wa kumimina doksisaiklini. Na promota isiyolala ingemchosha fangasi kwa kutengeneza sumu hata pasipo na mbu, na kuisambaza kusikohitajika.

Raymond St. Leger wa Chuo Kikuu cha Maryland na mwenzake Chengshu Wang walipata jibu katika maisha ya Metarhizium mwenyewe. Spora ikimnata mdudu, huota, hutoboa ganda lake kwa msukumo na vimeng'enya, kisha fangasi huingia kwenye damu. Humo seli za kinga zinamsubiri. Ili zisimtambue, hujifunika kwa protini inayofanana na kolajeni, iitwayo MCL1. Mwaka 2006 wawili hao walionyesha kuwa jeni ya protini hiyo huwashwa ndani ya dakika 20 tangu fangasi akutane na damu ya mdudu. Ishara iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa tayari ndani ya windo.

Kwa maoni ya safu hii, uamuzi wa kuazima promota ya jeni hiyo ndio uliobeba kila kilichofuata. Mwaka 2007 waliiunganisha na jeni ya AaIT, sumu ya nge Androctonus australis, na makali ya fangasi yakapanda mara 22 dhidi ya viwavi wa tumbaku na mara 9 dhidi ya mbu Aedes aegypti. Mwaka 2011 kikosi cha St. Leger kilibadili shabaha: fangasi akatengenezewa protini za kuvishambulia vimelea vya malaria ndani ya mbu, na mchanganyiko uliofanya vizuri zaidi ukapunguza vimelea kwenye tezi za mate kwa asilimia 98.

Soumousso ilikuwa zamu ya ile sumu ya buibui, iitwayo Hybrid, inayoziba njia za kalsiamu na potasiamu kwenye neva za wadudu. Brian Lovett, Etienne Bilgo, Abdoulaye Diabaté na wenzao waliipachika kwenye Metarhizium pingshaense, wakazichanganya spora na mafuta ya ufuta na kuzipaka kwenye vitambaa vyeusi ndani ya MosquitoSphere, banda kubwa la wavu lenye vibanda, mimea na madimbwi ya kuzalia. Kila kundi lilianza na mbu 1,500. Baada ya siku 45, kwenye mafuta matupu walihesabiwa 1,396. Kwenye fangasi wa kawaida 455. Kwenye fangasi wa Hybrid 13.

Matokeo hayo yanatia moyo sana, ila yasivutwe kupita yanapofika. Wavu si kijiji, na mbu wa nje huja na upepo na majirani. Pia promota ya jeni ya MCL1 haibagui mbu na mdudu mwingine. Inachosikiliza ni damu ya mdudu tu. Kwa hiyo usalama wa wadudu wengine unategemea zaidi aina ya fangasi iliyochaguliwa na uwezo wake wa kutoboa ganda la nani. Ndiyo maana watafiti waliwajaribu nyuki pia, na fangasi huyo hakuwadhuru. Jua nalo husaidia, kwa kuwa miale yake huua spora zilizo wazi, ingawa miale hiyohiyo huwalazimu wataalamu kuvitundika vitambaa ndani ya nyumba, mahali penye kivuli ambapo mbu hupumzika baada ya kunywa damu.