Mwalimu Anayejisomea
Wanastahili pongezi za dhati walimu wa Tanzania ambao, kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, hujisomea moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania kwa simu au kishikwambi baada ya vipindi. Kinachowasukuma ni kujiamini, ambako mwanasaikolojia Albert Bandura alikueleza mwaka 1977 kuwa ni imani ya mtu kwamba kazi iliyo mbele yake anaiweza. Lakini imani hiyo, na hapa ndipo ukomavu wao unapoonekana, huhitaji kujitambua, kwa kuwa mwalimu asiyeng'amua kwamba anawachanganya wanafunzi katika hesabu za sehemu hatatafuta somo linalohusu sehemu, ilhali aliyeng'amua hulisoma, hulijaribu darasani, kisha huwapelekea wenzake swali lililomshinda.