Uhakiki wa Miongozo ya Mtandaoni na Kurasa za Ndani za Maktaba ya Chuo Kikuu kwa Mtazamo wa Mtafiti wa Masasi na Newala

Mwongozo wa maktaba ni matini kama matini nyingine. Una mtunzi, una mpangilio, una lugha yake, na una msomaji ambaye mtunzi alimwona akilini alipokuwa akiandika. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameitumia nadharia ya upokezi ya Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser kuchambua riwaya, tamthiliya na ushairi. Ni nadra kuiona ikielekezwa kwenye maandishi ya kiutumishi. Sehemu hii inaielekeza huko. Inahakiki kurasa ambazo maktaba ya chuo kikuu huziweka mtandaoni ili kumwelekeza mwanafunzi, pamoja na kurasa za ndani ambazo watumishi wa maktaba huandikiana wao kwa wao. Hoja inayotetewa ni kwamba ukurasa wa nje hauwezi kuwa bora kuliko ukurasa wa ndani unaoulisha, na kwamba juhudi nyingi za kuboresha miongozo hushindwa kwa sababu huanzia nje.

Maktaba iliyochunguzwa haitatajwa jina. Mtafiti aliitumia kama mwanafunzi, na kasoro zinazoelezwa hapa si za maktaba moja tu.

Data za tasnifu hii zilikusanywa Masasi, chini ya ukingo wa magharibi wa Nyanda za Juu za Makonde, na Newala iliyo juu ya nyanda hizo. Barabara ya Mtwara, Newala na Masasi ina urefu wa kilomita 210, na kutoka Newala hadi maktaba kubwa za vyuo vikuu Dar es Salaam ni safari ya siku nzima kwa basi. Kwa mtafiti aliyeko huko, mwongozo wa mtandaoni ndiyo maktaba yenyewe. Anaufungua kwa simu, kwa kifurushi alichokilipia mwenyewe, na kila ukurasa usio na maana ni fedha iliyokwenda.

Ukurasa wa kwanza wa mwongozo uliochunguzwa unamtaka msomaji achague kanzidata kutoka kwenye orodha ya A hadi Z. Orodha hiyo imepangwa kwa majina ya wachapishaji. Hapo msomaji kusudiwa anajitokeza wazi: ni mtu anayejua tayari kwamba makala anayoitafuta iko kwa mchapishaji fulani, anayesoma Kiingereza bila kikwazo, na aliyeketi mbele ya kompyuta ndani ya mtandao wa chuo. Maelezo ya namna ya kuingia ukiwa nje ya chuo yapo, lakini yamewekwa mwisho, baada ya saa za kufungua jengo. Mwanafunzi anayesoma na kuandika tasnifu yake kwa Kiswahili hakutukanwa mahali popote katika ukurasa huo, hakuwazwa tu.

Sababu mojawapo ni chombo chenyewe. Miongozo mingi ya vyuo vikuu duniani hutengenezwa kwa LibGuides, programu ya kampuni ya Springshare ya Marekani, ambayo huwezesha mwongozo wa maktaba moja kunakiliwa na kutumiwa na nyingine. Wepesi huo una faida kubwa kwa maktaba yenye watumishi wachache. Hata hivyo, kinachonakiliwa hakiji peke yake, bali huja na msomaji wake. Mkutubi anabadilisha nembo na namba ya simu, na mwanafunzi wa Ohio anabaki ndani ya matini.

Tatizo huonekana zaidi katika istilahi za kutafutia. Mtafiti alihitaji maandishi kuhusu jando na unyago. Wazee wa Newala husema likumbi na chiputu. Orodha ya vichwa vya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo katalogi nyingi huifuata, huwaweka Wamakonde chini ya neno Makonde, likifuatiwa na ufafanuzi wa Kiingereza kwamba hao ni watu wa Afrika. Anayeandika Wamakonde, Kimakonde au Chimakonde hupata matokeo tofauti kila mara, na pengine asipate lolote. Fasihi ya Kiswahili nayo imewekwa katika herufi PL pamoja na lugha na fasihi za Asia ya Mashariki na Oceania. Katika mfumo wa Dewey iko 896.392. Mambo haya si siri, na kila mkutubi aliyesomea kazi yake anayajua. Mwongozo uliochunguzwa hauyasemi.

Hali hiyo hiyo ipo katika hazina za kidijitali za tasnifu. EPrints, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Southampton, kwa kawaida humpa msomaji njia nne za kupitia kazi: mwaka, mada, kitengo na mwandishi. Njia ya mahali haimo. Tasnifu iliyofanyiwa utafiti Masasi itapatikana iwapo tu mwandishi wake alikumbuka kulitia jina la Masasi katika anwani au ikisiri. Aidha, sisi wenyewe tumechangia tatizo: wengine huandika tasnifu, wengine tasinifu, na mashine haijui kwamba ni neno moja.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha gharama yake. Miongoni mwa kazi muhimu kuhusu Masasi ni makala ya Terence Ranger juu ya namna wamisheni wa Kianglikana walivyojaribu kuipokea na kuigeuza mila ya jando. Makala hiyo ni sura ndani ya kitabu cha mwaka 1972 kuhusu historia ya dini za Afrika, kilichohaririwa na Ranger na Isaria Kimambo. Katalogi inaonyesha anwani ya kitabu, haionyeshi sura. Kitabu cha J. Gus Liebenow cha mwaka 1971 kinawataja Wamakonde katika anwani ndogo, kwa hiyo hupatikana. Maelezo ya Karl Weule, Mjerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, yalitoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1909, na anwani ya tafsiri hiyo inataja Afrika Mashariki tu. Mtafiti aliifikia sura ya Ranger baada ya miezi kadhaa, tena kwa bahati.

Ama si kwa bahati hasa. Aliyeitaja alikuwa mkutubi mkongwe wa dawati la marejeo, ambaye alijibu kwa sentensi mbili swali ambalo mwongozo haukuweza kulijibu. Alikuwa na daftari. Ndani yake aliandika, kwa miaka mingi, maswali ya wasomaji na mahali majibu yalipopatikana: kitabu kipi kina sura ipi, jalada gani liko Nyaraka za Taifa, jina gani la zamani litumike kutafutia. Mkutubi huyo alistaafu na daftari lake.

Hapa ndipo kurasa za ndani zinapoingia katika uhakiki huu. Tovuti ya watumishi ya maktaba hiyo, kwa kadiri watumishi walivyoieleza kwa mtafiti, ilikuwa na fomu za likizo, nyaraka za utumishi na mihtasari ya vikao. Haikuwa na mahali pa kuandika swali la msomaji. Ujuzi wa dawati ulibaki mdomoni, na mwandishi wa mwongozo wa nje, ambaye mara nyingi ni mtumishi wa kitengo cha teknolojia, hakuwa na chanzo cha ndani cha kuchotea. Alichota kwingine. Sheria ya nne ya maktaba ya S. R. Ranganathan, ya mwaka 1931, inahusu kuokoa muda wa msomaji. Muda huo hauokolewi na ukurasa unaong'aa ikiwa nyuma yake hakuna kumbukumbu ya maswali yaliyokwisha kuulizwa.

Inaweza kudaiwa kwamba tiba ni kuutafsiri mwongozo kwa Kiswahili. Mtafiti haikatai tafsiri, lakini haioni kuwa inatosha. Orodha ya wachapishaji ikiitwa orodha ya hifadhidata, au kanzidata, bado ni orodha ya wachapishaji. Kinachohitajika ni mwongozo uliotungwa upya kuanzia swali: ninaandika kuhusu Newala, nianzie wapi? Ukurasa huo ungetaja tahajia zote za majina na kichwa cha mada kinachotumika katika katalogi. Ungetaja sura zilizojificha ndani ya vitabu. Ungesema waziwazi yasiyokuwapo maktabani yako wapi, kwa mfano kumbukumbu za misheni ya UMCA, iliyofika Masasi mwaka 1876, ambazo zimehifadhiwa Oxford. Ungekuwa maandishi matupu, mepesi kwa simu, na chini yake tarehe ya mara ya mwisho kukaguliwa na cheo cha aliyekagua.

Ukurasa wa ndani ungetangulia. Swali liandikwe kwa maneno ya muulizaji, likumbi libaki likumbi, kisha mkutubi aongeze istilahi ya katalogi na jibu. Kila muhula mtu mmoja ayapitie na kuyahamishia nje yanayofaa.

Yapo yasiyofaa kuhamishwa. Baadhi ya tasnifu zilizo wazi kwa umma zina nyimbo na mafunzo ya jandoni ambayo wazee waliomfundisha mtafiti huyu hawakutaka yasikike kwa asiyepitia. Yeye mwenyewe aliombwa aache sehemu fulani, akaiacha. Mkutubi anayemwelekeza msomaji kwenye kazi hizo anahitaji kujua hilo, na mahali pekee pa kuliandika, bila kulitangaza, ni katika ukurasa wa watumishi.