“Run” si kukimbia tu: lawama yangu kwa daftari zetu za Kiingereza

Leo sileti habari ya bursi wala tangazo la kazi. Ninaleta lawama, na sehemu kubwa ya lawama hiyo ni yangu mwenyewe.

Kuna picha inayozunguka sana katika magrupu yetu ya WhatsApp. Imeandikwa kwamba neno la Kiingereza “run” lina maana 645. Chini yake watu wanaweka vichekesho: “Njo maana nilikosa ile kazi!” “Batuache na Kifaransa yetu.” Mimi pia nilicheka. Kisha nikaona mkubwa mmoja, anayefundisha Kiingereza kila Jumamosi, anaahidi wanafunzi wake kwamba atawatayarishia maana 100 za kwanza wazishike kwa kichwa. Pale sikucheka tena.

Tuanze na namba yenyewe, ju kila mtu anaitaja na hakuna anayeielezea. Si uongo. Inatoka kwa watu wa kamusi kubwa ya Oxford. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba kitenzi “run” peke yake kimefika maana 645, na mhariri Peter Gilliver alikuwa ametumia miezi tisa kwa neno lile moja tu. Kabla ya hapo, katika toleo la pili la 1989, lenye vitabu 20, aliyeshika kikombe alikuwa “set”, mwenye maana kama 430. Na zamani kabisa, mwaka 1755, Samuel Johnson katika kamusi yake alilipa neno “take” maana 134.

Angalia vizuri ni maneno gani yanashinda. “Run”, “set”, “take”. Hakuna hata moja la profesa. Ni maneno mafupi ambayo mtoto wa miaka mitatu anayasema akitaka kuchezea kitu. Yale marefu yanayotuogopesha, kama “photosynthesis”, yana maana moja tu na hayatembei nje ya somo la biolojia. Sisi tunapoteza usiku mzima kwa yale marefu, na mafupi tunayaruka tukisema “hii ninaijua.”

Sasa, ile 645 inahesabu nini? Kamusi ya Oxford ni kamusi ya historia. Kazi yake ni kuweka kila matumizi yaliyoandikwa kwa Kiingereza tangu karne nyingi, hata yale yaliyokufa ambayo hakuna mtu hai anayeyasema. Inatenganisha “run” ya farasi, ya meli, ya maji, ya deni, ya mashine. Mwingereza anayeuza mkate London hazijui zote 645 na hajawahi kuzihitaji. Kwa hiyo kosa la kwanza la picha ile ni kuchukua kazi ya watunza-historia na kuigeuza mtihani wa mwanafunzi wa Goma.

Lakini kosa la pili ni letu, na ni baya kuliko la kwanza. Fungueni zile daftari zetu, zile tunazofotokopi na kupitishiana kutoka promosio moja hadi nyingine. Ni safu tatu: Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili. Mstari wa “run” ni mmoja: to run, courir, kukimbia. Basi. Mtu anapita kwa mwingine. Mimi nilijifunza hivyo, na nitawaambia bei yake.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimemaliza lisansi ya maendeleo ya vijijini, na nilikuwa na miezi sita ya Kiingereza cha jioni. ONG moja ilikuwa inatafuta vijana wa kufanya ankete kwa madeplase, katika kambi isiyo mbali na Goma. Maswali yalifika siku ya Mungu jioni, kwa Kiingereza, na kazi ilikuwa ianze siku ya kwanza asubuhi. Wakauliza: “Nani anajua Kiingereza?” Nikanyoosha mkono. Ukiwa na mwaka mzima bila kazi, mkono unanyooka wenyewe.

Nilitafsiri usiku, kwa mwangaza wa telefone. Swali moja la mwanzo liliuliza: “Who runs this household?” Niliona “runs”, nikaona “household”, na nilijua tunaenda kwa watu waliokimbia vita. Kila kitu kiliingiana vizuri! Nikaandika bila wasiwasi: “Ni nani alikimbia nyumba hii?”

Hakuna aliyekagua. Wakubwa walijua Kiingereza na Kifaransa. Wenzangu walijua Kifaransa na Kiswahili. Daraja lilikuwa mimi peke yangu, na daraja lilikuwa limeoza.

Asubuhi, mama wa kwanza aliniangalia muda mrefu, kisha akajibu: “Mutoto yangu, mwenye alikimbia nyumba ni bwana yangu. Alienda tangu mwezi ya kwanza.” Nikaandika jina la bwana yake katika kisanduku. Wa pili vilevile. Wa tatu alinyamaza, machozi yakaanza, mwenzangu akaandika “hakujibu”. Wa nne ndiye sitamsahau. Alinishika mkono, akaniuliza: “Munaniuliza ju mulimuona? Iko wapi?”

Alifikiri tumempata mume wake.

Jioni kiongozi wetu alipitia makaratasi. Aliona majina mengi ya wanaume, na kando ya kila jina: “hayupo”. Aliniita, akaniambia nimwelezee swali lile kwa Kifaransa. Nikasema: linauliza nani alitoroka nyumba hii. Alishika kichwa. Swali lilikuwa linauliza ni nani anayeongoza nyumba, anayeamua, anayebeba mzigo. Na jina lililo katika kisanduku kile ndilo lingeandikwa kwenye karata ya msaada. Yaani wale wamama wanaotafuta chakula, wanaolipa dawa, wanaolala na watoto chini ya shitingi, mimi niliwafuta kwa neno moja na nikaandika mahali pao majina ya watu waliowaacha.

Kesho yake tulirudi na kuuliza tena. Yule mama wa nne alituona tunakuja mara ya pili, akasimama haraka. Ilibidi nimwambie kwamba hapana, hatukumuona.

Ndiyo maana mtu akisema “ni kosa dogo la Kiingereza”, mimi ninanyamaza.

Turudi kwa neno. Je, ningeshika kwa kichwa maana 100, ningeokoka? Sidhani. Usiku ule ningekuwa na orodha ya majibu 100 na usingizi machoni, na bado ningechagua lile lililofanana na kambi. Orodha haisemi ni maana gani inaingia wapi. Kinachosema ni majirani wa neno. Ukikuta mtu, kisha “run”, kisha kitu kinachohitaji usimamizi (nyumba, duka, shule, ONG), mtu huyo anakiongoza. Ukikuta mashine au programu, inafanya kazi. Pua? Makamasi yanatoka. “Run out of” dawa? Dawa imeisha. “Run a fever”? Mgonjwa ana homa. Sikuhitaji kujua 645. Nilihitaji kuangalia kulia kwa kitenzi, nione kwamba “household” imekaa palepale, bila “from” wala “away” katikati. Kama wangesema mtu ameikimbia nyumba, lingekuwapo neno kama hilo.

Na ukizitazama maana hizi pamoja, unaona hazikutupwa ovyo. Chini yake kuna wazo moja: kitu kinaenda na kinaendelea, hakisimami. Maji yanaenda, mashine inaenda, barabara inaenda mpaka mjini, mkataba unaenda mpaka mwisho wa mwaka. Na anayefanya duka liende, huyo “runs” duka. Njo ile ile tunayosema kwetu: “biashara inatembea”, “motere inatembea”. Tuliichukua kwa Kifaransa, ambapo mashine inatembea. Kwa Mwingereza inakimbia. Kwa Mtanzania inafanya kazi. Mashine ni ile ile.

Hata siasa ni hivyo. Mmarekani anayetaka kiti “runs”, anakimbia. Mwingereza anayetaka kiti cha bunge “stands”, anasimama. Kwa Kiswahili anagombea, yaani neno la ugomvi kabisa. Kila lugha imechagua picha yake, na hakuna picha unayoweza kuibeba kwa mabega mpaka ng’ambo ya pili ikabaki nzima.

Kuna watakaosema: basi Kiingereza ni lugha ya fujo, tuiache. Ndugu zangu, mbele ya kusema hivyo, tuangalie nyumbani. Tuna “piga”. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga kelele, tunapiga hodi. Katika haya yote hakuna anayeumia. Mgeni aliyejifunza kwa daftari ya safu tatu kwamba piga ni “frapper”, akisikia “alinipiga picha”, atauliza nani aite polisi. Nani kati yetu alishika orodha ya “piga” kwa kichwa? Hakuna. Tulilikuta neno likiwa na wenzake: simu na piga, kura na piga. Hivyo hivyo mtoto wa Kiingereza alilikuta “run”. Basi kwa nini sisi tukijifunza lugha ya wengine tunatoa neno peke yake, uchi, kama samaki nje ya maji?

Na kuna jambo ambalo daftari haikuniambia hata kwa upande wa Kiswahili. “Kukimbia” pia si neno jepesi. Kwa mwanariadha ni mchezo. Kwa mtoto ni furaha. Lakini katika shina hilo hilo kuna mkimbizi, na kuna kimbilio, neno tunaloliimba kanisani. Upande wetu, ukimwambia mtu mzima “tulikimbia”, hakuulizi mlikimbia mbio za mita ngapi. Anauliza mwaka gani. Sasa mimi, mtoto wa hapa hapa, nililichukua neno hilo na kulipeleka ndani ya kambi kana kwamba ni mstari wa daftari tu. Nilishindwa Kiingereza, sawa. Lakini nilishindwa pia kujiuliza mama yule atasikia nini. Kosa la pili hakuna kamusi ya kulirekebisha.

Wengine watasema leo kuna telefone, inatafsiri yenyewe. Kweli, ukiipa sentensi nzima mara nyingi inajua kutofautisha. Lakini telefone haijui kama unaenda kambini au dukani, na haitamuangalia mama usoni. Ikikosea, atakayeshikwa mkono na kuulizwa “iko wapi?” ni wewe.

Kwa hiyo, kwa heshima yote, ninawaomba wakubwa wanaotufundisha Jumamosi mambo matatu. La kwanza: ile safu ya maneno pekee tuifute. Badala ya “run”, tuandike “run a shop”, “run out of sugar”, “the engine is running”, na kila moja ipate Kiswahili chake. Kumi za namna hiyo zinashinda mia za picha ya WhatsApp. La pili: mtu akitafsiri, ampe mwenzake ambaye hakuona maneno ya mwanzo, naye ayarudishe kwa Kiingereza au Kifaransa. Kama kiongozi wangu angenifanyia hivyo usiku ule badala ya jioni ya kesho yake, ingekuwa dakika tano. La tatu: kabla ya kuuliza watu mia, muulizeni mama mmoja, kisha mumuombe awaelezee kwa maneno yake mwenyewe alichosikia.

Na kwa wadogo zangu wanaotafuta kazi: mukiulizwa “nani anajua Kiingereza?”, nyoosheni mkono, sikatazi. Njaa haina aibu. Lakini mukishapewa karatasi, semeni pia: “Nitahitaji mtu wa kunikagua.” Mimi niliogopa kusema hivyo kwa sababu nilifikiri watanipokonya kazi.

Daftari yangu bado ninayo. Mstari wa “run” niliufuta kwa kalamu nyekundu, na chini yake niliandika lile swali zima la kambini, pamoja na tafsiri yake iliyo sawa: “Ni nani anaongoza nyumba hii?” Kila mwanafunzi ninayemsaidia ninamuonyesha ukurasa ule kwanza.

Mwenye mstari wake wa kufuta, atuandikie hapa chini.