Orodha za Kireno cha Safari na Msafiri wa Nduta

Mwenye kufunga safari kwenda nchi asiyoijua lugha yake aghalabu hana nafasi ya kusoma sarufi. Hutafuta maneno mia au mia mbili ya kumwezesha kuamkia watu, kununua chakula na kuuliza njia, akayakariri garini. Kwa lugha ya Kireno orodha za namna hii zimekuwa nyingi, tena nyingine hupatikana bure, na mwenye simu aweza kuzisoma hata akiwa Kibondo. Nia ya makala haya ni kuzipima kwa kipimo kimoja tu: zamfaa nini mtu atokaye Nduta?

Nduta nimeichagua kwa makusudi. Kambi hiyo, iliyo katika wilaya ya Kibondo, ilianza tena kuwapokea wakimbizi wa Burundi Oktoba 2015, wakati Nyarugusu ya Kasulu ilipokuwa imefurika. Nchi ni ya Waha, na Kiha na Kirundi ni lugha zisikilizanazo. Sasa, miongoni mwa watu waliotawanywa na vita vya Maziwa Makuu wako waliofika mpaka Msumbiji, na kambi ya Maratane, karibu na mji wa Nampula, imewapokea Wakongo, Warundi na Wanyarwanda tangu mwaka 2001. Kwa hiyo Kireno kikitajwa Nduta, msikilizaji humfikiria ndugu aliye Nampula. Lisbon na fukwe zake hazimo katika shauri hilo.

Orodha zilizopo zilitungwa kwa ajili ya mtalii. Huanza na salamu, zikaja namba, kisha hoteli, mkahawa, na mvinyo mweupe na mwekundu. Karibu kila moja ina swali hili: "Fala inglês?", yaani, wasema Kiingereza? Mrundi aliyesoma kwa Kirundi na Kifaransa hufundishwa hapo namna ya kuomba asemeshwe kwa lugha ambayo hata yeye haijui. Kosa hili si la mfasiri, maana mara nyingi tafsiri yenyewe ni sahihi. Ni la mtu aliyetwaa orodha iliyotungwa kwa haja za mwingine, akabadilisha lugha ya upande mmoja, akaona kazi imekwisha.

Katika matamshi hasara ni kubwa zaidi. Maneno huandikwa kwa tahajia ya kumsaidia Mwingereza, na msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuisoma kila herufi kwa sauti yake, hupotea. Tena nyingi hufuata matamshi ya Brazili, ambako "dia" husikika kama "djia" na "noite" kama "noitchi", hali Wamsumbiji hufuata zaidi desturi ya Ureno. Wala msaada hauko mbali. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakaipoteza mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Na katika muda huo watu wa pwani waliyatwaa maneno yao kwa masikio makini sana. "Vinho" wakasema mvinyo, na "fronha" foronya: basi "nh" ya Kireno ni "ny" yetu. "Caixa" wakaiita kasha: basi "x" mara nyingi ni "sh". Mwanafunzi akipewa maneno kumi ya namna hiyo amepata kanuni ambazo asingezipata katika kurasa nyingi za maelezo. Hata mcheza karata anayo akiba yake, kwa kuwa kopa, shupaza, uru, pau na turufu vyote ni Kireno, na "ouro" maana yake ni dhahabu. Na neno bendera limepanda mpaka milimani, ambako Warundi husema "ibendera".

Lakini urithi huu una hila ndani yake, na mwalimu asiyeitaja humdhuru mwanafunzi. Kopo letu ni la bati. "Copo" ya Mreno ni bilauri. Leso ya Mombasa ni nguo ya kujitanda mwanamke, na "lenço" ni kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Ile nguo yenyewe Msumbiji huitwa "capulana". Gereza ndilo kubwa kuliko yote, maana asili yake, "igreja", ni kanisa. Atakayeliona neno hilo juu ya mlango asikimbie.

Nimeona vilevile kwamba orodha hupita upesi mno juu ya maneno mawili madogo kuliko yote. "Ndiyo" kwa Kireno ni "sim", nayo hutamkwa kwa kupitisha sauti puani bila kuifunga midomo, hata sikio la Mswahili husikia "si". Si kwetu ni kukana. Kirundi nacho humkanushia msemaji kwa silabi hiyohiyo, kama katika "sinzi", sijui. "Hapana" ni "não", ambayo kwetu husikika kama "nao". Basi mtu aulizwa kituoni kama hati hizi ni zake, asikia wenzake wakijibu "sim", naye adhani wanazikana. Tangu vita vilipozuka Cabo Delgado Oktoba 2017 jambo hili haliwezi kuhesabiwa kuwa mzaha. Maneno hayo mawili yastahili somo zima, pamoja na kutikisa kichwa.

Mahali ambapo orodha zote nilizozipima zimeanguka ni siku za juma. Huandika "segunda-feira, Jumatatu", na kuendelea, pasipo neno la maelezo. Mreno huhesabu siku kuanzia Jumapili, kama Mwarabu. Mswahili huanza na Jumamosi, iliyo ya kwanza baada ya Ijumaa. Mrundi huanza na Jumatatu, aiitayo "ku wa mbere", yaani siku ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba siku hiyo moja ni ya tatu kwetu, ya pili kwa Mreno, ya kwanza kwa Mrundi. Tuseme mtu amepewa karatasi iliyoandikwa "5ª feira". Akiifikiri tano hiyo kwa Kiswahili atakwenda Jumatano. Akiifikiri kwa Kirundi, "ku wa gatanu", atakwenda Ijumaa. Siku aliyoitiwa ni Alhamisi. Ajabu ni kwamba jina Alhamisi lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, lina tano ndani yake, na laafikiana na "quinta" ya Mreno sawasawa. Lau mtungaji wa orodha angalisema hilo kwa mstari mmoja, msomaji asingalisahau. Mwenye kukosa siku yake hospitalini au katika ofisi ya hati aweza kungoja wiki nyingi.

Saa nazo ni vivyo hivyo. Sisi na Warundi twahesabu tangu alfajiri, Mreno tangu usiku wa manane. "Duas horas" za mchana ni saa nane, wala si saa mbili. Tena saa za Msumbiji ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa moja, hata ikiwa saa tatu asubuhi Kibondo, Nampula ni saa mbili, nao husema "oito horas".

Juu ya adabu nina machache. Orodha hufundisha "obrigado" kwa watu wote, ingawa mwanamke hushukuru kwa "obrigada", chochote awacho yule anayeshukuriwa. Lugha zetu hazitengi mume na mke kwa njia hiyo, kwa hiyo haitoshi kulitaja jambo hili kwa ishara. Halafu hufundisha "senhor" na "senhora", ambayo ni sawa kwa karani, lakini huacha "mamã" na "papá" kwa wakubwa, na "mano" na "mana" kwa watu wa rika, ambavyo Wamsumbiji huitana sokoni na njiani. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo angeyapenda haya, tena angeyashika kwa siku moja.

Ningepewa mimi kuipanga orodha hiyo, hoteli ningeitoa. Ningeanza na "Não falo português", sisemi Kireno. "Fale devagar", sema polepole. "O meu filho está doente", mtoto wangu mgonjwa, na "a minha filha" kwa binti. Lakini mbele ya hizo zote ningeiweka sentensi ambayo huwekwa mwisho, kama imewekwa: "Escreva aqui, por favor", tafadhali niandikie hapa. Na atakayeisema aombe aandikiwe tarehe kwa namba, asikubali jina la siku peke yake.